Tulianza pamoja, mwenzangu kafika mbali

*Shangazi, shikamoo. Naishi Mbagala, nina miaka 31. Nauza vitumbua na chai karibu na kituo cha daladala. Mwaka 2021 tulianza pamoja na jirani yangu, kila mtu na jiko lake la mkaa. Leo yeye ana mgahawa, ana wasichana watatu wa kazi na anapeleka chai maofisini. Mimi niko palepale. Mama mdogo anasema yule si bure, ana kitu, na amenitafutia mganga Tanga anayetaka laki tatu. Nimeshaweka laki mbili. Nifanyeje? Niliyechoka.*

Marahaba, mwanangu. Hiyo laki mbili usimpelekee mganga.

Barua yako nimeirudia, na sijaona popote unaposema umewahi kumuuliza jirani yako alifanyaje. Mnapishana kila asubuhi, lakini habari za biashara yake unazipata kwa mama mdogo.

Anayenunua kitumbua chako saa kumi na mbili asubuhi haoni mchele ulioloweka jana. Haoni umeme ulivyokatika hujamaliza kusaga, wala vile vya kwanza vilivyong'ang'ania kwenye kikaango ukavibandua vipandevipande. Analipa, anadandia daladala. Na wewe jirani yako unamwangalia hivyohivyo, kama mteja anayepita.

Hiyo chai ya maofisini, kwa mfano. Wewe unaona bodaboda inaondoka na chupa za chai. Huoni oda inayobadilishwa saa nne usiku. Chai ikichelewa kidogo tu kikao kimeshaanza, na wiki ijayo kazi kapewa mwingine. Tena ofisi nyingi hazilipi papo hapo: unapika mwezi mzima kwa mtaji wako, unaambiwa malipo yanashughulikiwa, na muuza mchele hataki kusikia hadithi hiyo. Huenda mwenzako amelala na madeni kukuzidi wewe. Huenda pia kuna aliyemshika mkono, kikoba au mume mwenye mshahara. Hilo nalo halionekani, na waliofanikiwa wengi hawapendi kulisema.

Marehemu Reginald Mengi, yule mfanyabiashara, tunamkumbuka kwa magazeti na televisheni yake. Uzalishaji wake ulianzia nyumbani, miaka ya 1980, akiunganisha kalamu za wino wakati kalamu yenyewe nchini ilikuwa ya kutafuta. Lakini alikuwa mhasibu mkubwa mwenye kazi yake, na hakuiacha mpaka 1989. Simtaji ili ujione mdogo. Namtaja kwa sababu ya ule mshahara. Kalamu zisingeuzika, kwake wangekula. Kwako vitumbua vikidoda mnavila nyumbani, na kesho mtaji umepungua.

Ndiyo maana sikwambii uvumilie. Anayeamka saa tisa usiku miaka yote hiyo hana wa kumfundisha uvumilivu. Nataka kujua jambo moja: kitumbua kimoja kinakugharimu shilingi ngapi? Chukua daftari, andika kwa mwezi mmoja: mchele, nazi, sukari, mafuta, hamira, iliki, mkaa, nauli ya sokoni. Andika na vile wanavyokula watoto, na vya wale wa "nitakulipa kesho". Wasiwasi wangu uko kwenye hivyo viwili vya mwisho, maana ndivyo ambavyo hakuna anayeviandika. Ukikuta kuna faida, basi unachokosa ni wateja, na wateja wanatafutwa. Ukikuta hasara, hata uamke saa saba hutaiziba. Itabidi bei ipande au kipimo kipungue, na ukopeshaji ukome.

Kwa jirani nenda jioni, akishafunga, asubuhi hatakuwa na masikio. Usimzunguke. Mwambie, "Dada, na mimi natamani kupeleka maofisini, wewe ulianzaje?" Akikuficha, umepoteza jioni moja. Akifunguka, muulize ofisi yake ya kwanza ilimlipa baada ya siku ngapi, na siku hizo alikula nini. Muulize pia kama oda za vitumbua hazimzidi, maana kumuuzia yeye kwa jumla si aibu, na sina hakika kama wale wasichana wake wanavipatia kama wewe.

Mama mdogo msalimie sana. Mwambie hela imeingia kwenye mchele.