Kukagua shamba kabla ya msimu wa kulungu

Ndugu yangu, vizuri kwamba mwenye shamba la mahindi na soya huko Iowa, Marekani, ameshakupa ruhusa ya kuwinda kulungu. Msimu wa kuwinda kwa upinde unafunguliwa Oktoba 1, kwa hiyo muda upo. Ila unapokagua usianzie katikati ya mahindi kama ulivyopanga. Anzia pembezoni, pale shamba linapokutana na miti au kijito.

Tembea taratibu kando ya seng'enge. Pale kulungu wanapopenya utakuta manyoya yamenasa kwenye waya na udongo umekanyagwa. Kisha chuchumaa uitazame soya yenyewe. Kulungu hana meno ya mbele ya juu, hivyo hakati, hunyofoa. Ncha ya shina hubaki imechanika, ina nyuzinyuzi. Ukiona imekatwa mshazari, safi kama kwa kisu, huyo ni sungura. Wengi hudanganyika hapo.

Kuanzia mapema Septemba madume huondoa ngozi laini inayofunika pembe, kisha husugua miti midogo. Gome likiwa limechubuliwa na mti bado una unyevu, dume amepita karibuni. Tafuta mti mwingine kama huo mbele, utajua anaelekea wapi. Kinyesi kibichi hung'aa, cha zamani kimekauka.

Nakusihi sana, usiingie vichakani wanakolala. Ukiwakurupusha mara kwa mara watahama, au watatoka usiku tu. Kaa mbali jioni na darubini, upepo ukikupiga usoni. Mahindi yakivunwa kagua upya, maana maficho yao yameondoka na njia zitabadilika.