"Strata" ni wingi, na si kila tabaka ni "stratum"

Mkuu, umeuliza kwa nini sentensi yako ya "three stratas of paint" imesahihishwa mara mbili wakati kamusi imekwambia wazi kuwa strata ni matabaka. Umeteleza mahali pawili. Pa kwanza niliteleza hata mimi, tena kazini, kwa hiyo nianze hapo.

Niliwahi kupewa ripoti ya uchimbaji wa kisima niitafsiri kwa Kiswahili. Ndani yake kulikuwa na "water-bearing strata". Neno halina s mwishoni, nikalichukua kuwa umoja, nikaandika "tabaka lenye maji". Msimamizi wa uchimbaji alipoisoma akanipigia simu: tabaka lipi? Kwenye mchoro wa ripoti hiyohiyo yalikuwa mawili. La juu la mchanga, maji yake haba. Kisha udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha kitu. Halafu chini kabisa changarawe iliyojaa maji. Tafsiri yangu ilikuwa imemeza moja. Niliona aibu, maana mchoro nilikuwa nao mezani muda wote.

Umoja ni stratum, wingi ni strata. Ni Kilatini, sawa na datum na data. Ila data siku hizi wengi huitumia kama umoja na hakuna anayeshtuka, wakati "a strata" bado ni kosa kwenye maandishi rasmi. "Stratas" ndiyo imezidi, ni kama kusema "mamatabaka". Ukiiona strata ikitumika kama umoja na Waaustralia, usiwasahihishe: kwao ni istilahi ya umiliki wa nyumba za ghorofa, tangu sheria ya New South Wales ya 1961.

Sasa maana. Kilatini chake kinatoka kwenye kitenzi cha kutandaza, na stratum iliweza kuwa hata shuka la kutandikia kitanda. Barabara iliyotandazwa mawe iliitwa via strata, na humo ndimo lilimotoka neno "street". Shika hiyo picha ya kitu kilichotandazwa, kikaja kingine kikatandazwa juu yake. Ndiyo maana wanajiolojia walilipenda. Mwaka 1669 Nicolaus Steno wa Denmark aliandika kwamba katika miamba ya aina hiyo, tabaka la chini ndilo lililotangulia kulala. Mwingereza William Smith, aliyechapa ramani ya jiolojia ya Uingereza mwaka 1815, alifuatilia matabaka kwa bidii mpaka akabandikwa jina la "Strata Smith".

Kutoka kwenye miamba neno likapanda kwa watu: "all strata of society" ni watu wa ngazi zote. Hapa sisi tuna bahati, tabaka letu linabeba mwamba na jamii bila shida. Lakini bahati hiyo ina mtego ukiwa unatoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mapambano ya kitabaka ni "class struggle", usithubutu kuweka strata. "Class" kwa wanaofuata Marx ni uhusiano, nani anamiliki na nani anauza nguvu zake. Stratum ni ngazi tu: kipato, elimu, heshima. Tabaka la ozoni nalo ni "ozone layer", ingawa sehemu yake kubwa imo ndani ya stratosfera, sehemu ya angahewa ambayo jina lake limezaliwa na stratum hiyohiyo. Lugha haina huruma.

Kipimo ninachotumia mimi: kama ni mwamba, udongo, jamii, au takwimu ambamo watu hugawanywa kwa makundi ndipo sampuli ichukuliwe katika kila kundi, strata inakaa vizuri. Madaktari nao wanayo, ngozi ya juu kabisa wanaiita stratum corneum. Nguo ulizovaa moja juu ya nyingine, vumbi la kabatini, maganda ya kitunguu, hizo ni "layers" na ukiandika strata utaonekana umevaa suti kwenda shamba.

Na hapo ndipo ulipoteleza mara ya pili. Rangi ya ukutani haina stratum wala layer ya kulazimisha. Fundi wetu husema amepiga mikono mitatu, na fundi wa Kiingereza husema "three coats". Andika hivyo.