Ukitaka Sheria ya Bangi Ibadilike, Anza na Aliyekamatwa na Msokoto Mmoja

Vijana wengi wanaonitafuta wakitaka kupigania mabadiliko ya sheria ya bangi hapa Kenya huanza kwa kunisifia mmea wenyewe. Unatibu, una pesa, umeumbwa na Mungu. Nikishawasikiliza huwaambia waende kortini Jumatatu asubuhi, wakae benchi la nyuma, watulie.

Jumatatu ndiyo siku ya waliokamatwa wikendi. Mimi ni msaidizi wa kisheria, kazi yangu ni kusaidia familia kufuata kesi, na asubuhi hizo nazijua vizuri. Kielelezo huja katika bahasha ya kaki iliyoandikwa nambari ya kesi kwa kalamu. Ndani mna msokoto mmoja, pengine miwili. Kizimbani amesimama kijana, tuseme fundi viatu, aliyelala selo tangu Ijumaa jioni. Mamake yuko nje ameshika noti alizochangiwa na majirani. Kijana anakiri haraka kwa sababu akikana kesi itaahirishwa, na dhamana hana. Faini inalipwa, wanarudi nyumbani, kila mtu anashukuru. Miezi inapita, anaomba kazi ya ulinzi, au anapata wakala wa kumpeleka Qatar, anaambiwa alete cheti cha tabia njema cha polisi. Hapo ndipo familia inapogundua kwamba ile kesi haikuisha siku ile: hatia imebaki kwenye rekodi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mtetee huyo kijana. Bangi haihitaji wakili. Ukiitetea bangi utabishana na daktari, mchungaji, imamu na mwalimu mkuu kwa wakati mmoja, na wote wana hoja. Ukimtetea fundi viatu, wengi wao watakubaliana nawe kwamba adhabu imezidi kosa.

Kabla ya kusema lolote, isome sheria. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 ilisema mtu akipatikana na bangi ya matumizi yake mwenyewe anaweza kufungwa miaka 10. Marekebisho ya 2022 yalishusha kifungo hicho hadi kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi 100,000. Ni hatua, na nawashangaa wanaharakati wanaozungumza kana kwamba haikutokea. Lakini soma kipengele chenyewe polepole: ni mshtakiwa anayetakiwa kuiridhisha mahakama kwamba bangi ilikuwa yake ya kutumia tu. Fundi viatu asiye na wakili atairidhisha vipi? Hapo pana jambo la kudai ambalo mbunge yeyote anaweza kulielewa kwa dakika mbili: sheria itaje kiasi, na aliye chini ya kiasi hicho asichukuliwe kama mfanyabiashara.

Kesi ninayopenda kuwasimulia ni ya Afrika Kusini. Gareth Prince, Mrasta aliyesomea sheria, alinyimwa nafasi ya kuingia katika uwakili kwa sababu alikuwa amepatikana na hatia za kumiliki bangi na akasema wazi ataendelea kuitumia. Alikwenda Mahakama ya Katiba akidai uhuru wa dini. Mwaka 2002 akashindwa, tena kwa tofauti ya jaji mmoja. Hakukata tamaa. Alirudi pamoja na wengine, mara hii hoja ikiwa ni faragha: kwamba serikali haina haja ya kumfuata mtu mzima mpaka ndani ya nyumba yake. Septemba 2018 mahakama hiyohiyo, hukumu ikisomwa na Jaji Raymond Zondo, ilikubali. Mtu mzima akaruhusiwa kuitumia, kuwa nayo na kuipanda faraghani kwa matumizi yake. Kuuza na kununua hakukuruhusiwa. Bunge lilipewa miezi 24 kurekebisha sheria, na rais alikuja kutia sahihi mwaka 2024. Hesabu mwenyewe tangu 2002. Mtu akikuahidi kwamba Kenya itahalalisha bangi kabla ya uchaguzi ujao, muulize amejiandaa kwa miaka mingapi.

Hapa kwetu njia hizo zimeshaanza kukanyagwa. Mtafiti Gwada Ogot alipeleka ombi Seneti mwaka 2017, akitaka bangi ihalalishwe. Mwaka uliofuata marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akitaka kuandaa mswada, na ndani yake alitaka rekodi za waliohukumiwa kwa bangi zifutwe. Alifariki Julai 2019 kabla mswada haujafika popote. Kipengele hicho cha rekodi ndicho ninachokililia hadi leo, maana Okoth aliwajua watu wa Kibra. Warasta nao walikwenda Mahakama Kuu mwaka 2021 wakitaka waachwe waitumie nyumbani na katika nyumba zao za ibada. Halafu kukaja kampeni ya urais ya Profesa George Wajackoyah mwaka 2022. Ilifanya bangi itajwe kila kituo cha redio, hilo simnyimi. Ila hoja ilikuwa bangi italipa deni la taifa, watu wakacheka, na kura zikawa chini ya nusu ya asilimia moja. Yule kijana wa kizimbani hakutajwa sana. Usiahidi mabilioni.

Ukienda kwenye baraza la chifu, kanisani au msikitini, tarajia akina mama wakupinge, na uwasikilize mpaka mwisho. Mama ambaye mwanawe wa kidato cha pili ameacha shule akawa analala mchana kutwa hajadanganywa na mtu. Bangi inaumiza akili ya kijana anayekua, na usithubutu kulikana hilo mbele yake. Muulize tu: mwanao akikamatwa kesho, ungependa apelekwe rumande au apelekwe kwa mshauri? Nimeona mama aliyekuja kunigombeza akiomba kalamu atie sahihi ombi letu kwa Bunge.

Na tafadhali, mkutanoni mtu asije na bangi mfukoni. Bado ni jinai, na askari mmoja akimkamata mwenzenu pale, harakati yote itakuwa picha ya huyo mtu kwenye magari ya polisi.

Sasa kazi ya karatasi, ambayo wengi huikimbia. Ibara ya 119 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge litunge, lirekebishe au lifute sheria. Huhitaji kuwa na chama wala maelfu ya sahihi. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, hata kwa mkono, ila lugha iwe ya heshima na pasiwe na maneno yaliyofutwa au kuandikwa juu ya mengine. Kila ukurasa utaje linahusu nini. Eleza mmeshajaribu wapi kutafuta suluhisho, na kama jambo liko mahakamani, liseme. Kila anayetia sahihi aweke jina, anwani na nambari ya kitambulisho. Asiyejua kuandika abandike kidole gumba. Lipeleke kwa Karani wa Bunge la Taifa au wa Seneti, naye ana siku saba za kulikagua. Usipoteze miezi kwa mwakilishi wa wadi, sheria hii si ya kaunti.

Mwisho wa ombi ndipo mnapotaja mnachoomba, na wengi huharibu hapo kwa kuandika “tunaomba bangi ihalalishwe” basi. Sisi katika ombi letu tuliandika mambo matatu: sheria itaje kiasi cha matumizi binafsi, asiyezidi kiasi hicho asifungwe, apelekwe kwa ushauri nasaha, na rekodi za waliokwisha kuadhibiwa kwa kiasi hicho zifutwe. Jambo la tatu ndilo lililoleta foleni ya watu wa kutia sahihi, wengi wao wanaume wa makamo ambao hawajagusa bangi kwa miaka, wakiuliza kama linawahusu na wao.