Dogo kapata PhD ya joto la mionzi, aende? Jibu langu

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako akubali nafasi ya PhD ya joto la mionzi, yaani joto linalosafiri kwa mionzi bila vitu kugusana, na hofu yako ni kwamba mada hiyo ilishafungwa na kina Planck, yule mwanafizikia Mjerumani aliyetoa kanuni ya mionzi ya vitu vyenye joto, mwaka 1900, atabaki kurudia hesabu za wenzake. Mimi ni mhandisi mitambo, masters yangu ilihusu mionzi ndani ya tanuri, na sasa kazi yangu ni maboila. Hofu yako naielewa ila sikubaliani nayo.

Nianze na huku kazini. Kile kipimajoto cha bastola tulichokuwa tunaelekezewa kwenye paji la uso wakati wa Korona hakigusi kitu, kinapokea mionzi tu na kukisia joto. Kielekeze kwenye bomba jipya la stenlesi lenye maji ya moto, kitakuambia limepoa. Liguse uone. Chuma kinachong'aa hutoa mionzi kidogo sana, na sehemu kubwa ya kinachoingia kwenye kifaa ni mionzi ya vitu vya jirani inayoakisiwa. Mafundi hubandika kipande cha tepu nyeusi ya umeme kwenye bomba, wakasubiri ishike joto, wakapima hapo. Ukiwauliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba ndivyo walivyofundishwa. Anayejua sababu huwa anaitwa kila mara vipimo vikigongana, kwa hiyo njaa hatakufa.

Sasa hili la mada kwisha. Mwambie asome habari za Chang-Lin Tien, mtafiti wa joto la mionzi. Alizaliwa Wuhan, China, mwaka 1935, familia yake ikakimbilia Taiwan, yeye akaenda Marekani kusoma. PhD aliipata chuo cha Princeton mwaka 1959, na mwaka huohuo akaanza kufundisha chuo cha Berkeley, California. Hizo ndizo zama za roketi. Haidrojeni ya kimiminika, ambayo ni mafuta ya roketi, inataka tangi lisilopitisha joto, na njia mojawapo ni kulifunika kwa tabaka nyingi za plastiki nyembamba iliyopakwa metali, katikati kukiwa na ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa. Kila tabaka inarudisha mionzi ilikotoka. Tien na wanafunzi wake wakauliza: tabaka zikikaribiana mno, hesabu za kawaida bado zinashika? Mwaka 1967 wakachapisha jibu: hazishiki. Nafasi ikiwa ndogo kuliko urefu wa wimbi la mionzi yenyewe, joto linalovuka huongezeka.

Kulithibitisha kwa vipimo ndiyo ilikuwa kazi. Kwa joto la chumbani, wimbi hilo lina urefu wa kama maikromita 10, yaani ni jembamba kuliko unywele, na kuweka bamba mbili karibu kiasi hicho bila kugusana ni balaa. Lakini kitu kadiri kinavyopoa ndivyo mawimbi yake yanavyorefuka. Kwenye baridi ya heliamu ya kimiminika, kama kelvini 4 (karibu nyuzi 269 chini ya sifuri), yanafika karibu milimita 0.7. Hapo hata vifaa vya miaka ile vinatosha! Wakapima kwenye baridi hiyo, matokeo yakatoka 1970. Mimi binafsi hapo ndipo ninapomvulia kofia, kuliko hata cheo cha kuongoza Berkeley alichokishika 1990 hadi 1997.

Alifariki 2002. Mwaka 2009 Gang Chen, aliyesomea PhD chini yake, alikuwa chuo cha MIT, Marekani, na wenzake wakipima tufe dogo la kioo lililo umbali wa nanomita 30 tu (nanomita elfu moja ndiyo maikromita moja) kutoka kwenye bamba, tena kwa joto la kawaida. Joto lililovuka lilizidi kikomo cha Planck, yaani kiwango cha juu kabisa kwa hesabu za kawaida, kwa takribani mara elfu. Leo kuna watu wanaotafuta kuzalisha umeme kwa njia hiyohiyo.

Kwa hiyo dogo asibabaishwe na jina la chuo. Amuulize msimamizi wake anapima nini na kwa kifaa gani. Zipo maabara za mionzi ambazo kazi yake inaishia kwenye kompyuta. Atachapisha vizuri tu, ila akirudi huku kutafuta kazi kiwandani atasumbuka. Kama wana chemba ya ombwe na mtu wa kumfundisha kuitumia, aende. Na posho aulizie kabisa kama ni ya miaka yote au wa kwanza tu, maana hilo barua za udahili huwa zinalipita haraka haraka.