Gogo la bichi la bure: pima kwanza ndio useme nakuja

Nyie mnaoanza kukereza mbao huku Uingereza, yaani kuzungusha mbao kwenye mashine na kuichonga iwe bakuli au mguu wa kiti, nawaandikia hili kabla hamjaona picha ya gogo kubwa linatolewa bure mkakimbilia funguo za gari.

Bichi ni ule mti wa gamba laini la kijivu, huku kwenye milima ya Chiltern ninakoishi umejaa tele. Ukianguka ukalala chini kwenye unyevu kuvu inaingia, na pale kuvu moja inapokutana na nyingine kila moja inajiwekea mpaka wake, ndio hiyo mistari myeusi myembamba ukiipata kwenye bakuli utadhani mtu kachora kwa wino. Hata mwembe kule nyumbani ukiachwa chini unafanya hivyo hivyo. Ila jueni huo uzuri ni mwanzo wa kuoza, na bichi inaoza haraka, kwahiyo muulize mwenye gogo limeangushwa lini, alafu ukifika kandamiza bisibisi kwenye kichwa cha gogo, yaani ule mwisho uliokatwa. Ikigoma vizuri chukua. Ikizama kama kwenye parachichi liache hapo hapo, wadudu wa msituni watalifaidi kuliko wewe.

Sasa uzito, hapa ndio wengi wanaumia. Bichi yenye maji hesabu kama kilo 1,000 kwa mita moja ya ujazo. Gogo la upana sentimita 60 na urefu mita 1 ni karibu kilo 280, likiwa na upana wa sentimita 80 na urefu mita 2 hiyo ni tani nzima, na kwenye picha yote mawili yanaonekana ya kawaida tu! Gogo langu la kwanza tulienda wawili na van ya kuazima, tukalisukuma mpaka likaingia, tukalifunga kwa kamba moja ya katani tukaona inatosha. Kwenye mzunguko wa barabara dereva akakanyaga breki, kamba ikakatika, gogo likabiringika likapiga ukuta nyuma ya siti zetu, ule mshindo mpaka leo nausikia. Hakuna aliyeumia, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo sibebi gogo bila kabari mbili kila upande na mikanda ile ya kukaza kwa mkono wa chuma, tena miwili au mitatu, na uwezo wa gari nausoma kwenye kibati chake, sikisii.

Jambo lililonisaidia kuliko yote nimejifunza kwa mafundi wa zamani wa huku huku Chiltern. Walikuwa wanakereza miguu ya viti vya bichi ndani ya msitu wenyewe, mti ukiwa bado mbichi, alafu inayosafiri kwenda viwanda vya viti kule High Wycombe ni miguu tu. Na wewe punguza mzigo ulipo, mwombe mwenye msumeno akate vipande virefu kidogo kuliko upana wa gogo, maana vichwa vitapasuka na utavikata tena, kisha pasua kila kipande katikati kwa kabari na nyundo ukifuata kiini. Nusu mbili watu wawili wanaweza kuzibiringisha kwenye ubao mpaka ndani ya gari bila kuua mgongo, na kile kiini kinacholeta nyufa unaweza kukichonga ukakitoa mapema.

Na ukiwa wewe ndio unatoa jamani andika vitu vya maana: upana, urefu, limekatwa mwezi gani, gari linafika umbali gani, na mvua ikinyesha ardhi inakuwaje. Mtu ametoka maili 40 anakuta gogo liko bondeni nyuma ya ua, hiyo sio zawadi tena. Kama lipo shamba la mtu omba ruhusa kwanza, hata kama limelala hapo miaka.

Ukifika nyumbani usilale, siku hiyo hiyo paka nta au rangi nzito vichwani, inua vipande juu ya matofali, weka kivulini upepo upite. Ukiona mistari imekutosha kakereze bakuli likiwa bado nene, liache likauke taratibu miezi kadhaa ndio umalizie, unyevu ukishuka chini ya asilimia 20 kuvu inasimama. Na barakoa ya vumbi ni lazima, sio kitambaa, ile yenye chujio.

Mimi nina nusu nne chini ya turubai, upana sentimita 55, zimekatwa mwaka jana, van inafika mpaka mlangoni. Anayeanza ndio nampa kwanza, aje na mikanda yake na mtu wa pili.