Huyo ni kifutu, usimguse

Dada, nyoka uliyemkuta kwenye kuni karibu na banda la kuku, mnene, mfupi, mwenye alama kama herufi V mgongoni, huyo ni kifutu. Hana haraka ya kukimbia. Hutulia akitegemea rangi yake, ndiyo maana wengi huumwa kwa kumkanyaga. Jembe liache, mpishe aende zake. Kinachomleta ni panya, na panya wanafuata pumba za kuku. Kuni ziweke juu ya kichanja. Usiku tembea na tochi, na viatu vya kufunika mguu, si ndala.

Akiuma mtu: msifunge kamba, msichanje, na jiwe jeusi linalodaiwa kunyonya sumu waachieni wanaoliuza. Mvueni pete, mguu usitikisike, apelekwe kwa gari hospitali yenye dawa ya sumu ya nyoka.