Usimtumie mgeni hiyo "will not definitely", tafadhali

Ndugu yangu wa Malindi, futa hiyo sentensi. Usiitume. Umeuliza mengi kwa mpigo, mara maybe na perhaps zina tofauti gani, mara surely na definitely ni kitu kimoja, mara probably inatamkwaje, halafu mwishoni kabisa ukabandika meseji unayotaka kuwatumia wageni wako wa boti ya kioo: "The boat will not definitely go out if the wind is strong." Nimefika hapo tumbo likanikata, kwa sababu sentensi ya sampuli hiyo hiyo ndiyo iliyonitoa pesa mimi hapa Lamu. Hayo mengine yatangoja.

Wewe unataka kusema upepo ukiwa mkali boti haitoki, kwisha, hata mtu alie. Mgeni anasoma kingine. Anasoma kwamba haijulikani kama boti itatoka, huenda ikatoka huenda isitoke, kwa hiyo atakuja asubuhi na watoto na mataulo aketi ufukweni akungoje, na kusi lile linavuma, na ukimwambia hakuna safari anakutolea simu. Sababu ni hiyo "not" iliyotangulia. Inakanusha kinachokuja nyuma yake, na kilichokuja nyuma yake ni "definitely", sasa hapo umeukana uhakika, safari hujaikana. Ipitishe mbele: "The boat definitely won't go out." Hujaongeza neno lolote na maana imegeuka yote.

Sasa sikiliza lililonikuta. Mimi napeleka wageni kwa mashua, Shela, Manda, Takwa. Anayeijua Takwa anajua kwamba kuufikia ule mji uliohamwa karne ya 17 kwa mashua unapita mkondo katikati ya mikoko, na mkondo ule unapitika maji yakiwepo, yakishapwa ni tope tu. Na saa za maji zinasogea karibu dakika 50 kila siku, huwezi kumwambia mgeni wa leo saa ya mgeni wa jana. Walikuwa mume na mke, siku hiyo hiyo wanaruka na ndege ya saa kumi alasiri pale uwanja wa Manda, mabegi yako tayari gesti. Wakaniuliza kwa WhatsApp usiku wa kuamkia safari, tutarudi kabla ya saa tisa? Mimi nimeshapiga hesabu yangu, ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na bamvua huku kwetu maji hupwa saa nne saa tano asubuhi yakaja kujaa alasiri, maana yake tukiingia alfajiri na wakataka kuyaona magofu vizuri yatatupwelea, na hatutoki mpaka yarudi. Jibu lilikuwa hapana, hapana kubwa. Nikaandika: "We will not definitely be back before three."

Wao wakasoma kwamba hakuna uhakika, tukifanya haraka tutawahi. Mimi nikalala nikijua nimewaambia ukweli na kwamba bila shaka wameshasogeza ndege, na asubuhi walipokuja wamejaa furaha nikasema alhamdulillahi, wameelewa.

Saa nne mashua imekaa juu ya tope, imeinama upande, mizizi ya mikoko imebaki wazi na chaza wake, kaa wanapita chini ya mkuku. Mama anaangalia saa. Akaniuliza tunaondoka lini, nikamwambia maji yakirudi. Akatoa simu, akanionyesha meseji yangu mwenyewe, akasema "You said not definitely." Nikamwambia kwa moyo mkunjufu "Yes, not definitely!" Kila mmoja anadhani anamwambia mwenzake jambo moja! Akaniuliza tena, "Surely you knew about the tide?" na mimi nikajibu "Surely!" kwa sababu nilifikiri ananisifu kwamba nayajua maji. Kumbe surely ya namna ile siyo hakika, ni mtu anakubana, anakwambia haiwezekani ulikuwa hujui. Hapo ndipo mume wake aliponyamaza, na kunyamaza kwa mgeni aliyelipa mnakujua.

Ndege ikaruka tukiiona juu. Nauli ya mashua nikarudisha, usiku mmoja wa gesti nikalipa, na tiketi mpya nikachangia, kwa sababu mwenye gesti ndiye anayeniletea wateja na aliniambia waziwazi, ukikataa usitarajie mgeni mwingine kutoka hapa. Nahodha na baharia wake nao wana watoto, wakapata chao. Hiyo ni kazi ya wiki kadhaa imeenda na "not" iliyokaa mahali pasipo pake.

Na yule aliyenifundisha analala usingizi wake mtamu. Kozi ya jioni ya watembeza wageni, tumelipa ada, tumenunua madaftari, watu wametoka kazini wamechoka wanakuja darasani, na yeye anasimama mbele yetu anasema probably, definitely, certainly ni mapambo ya sentensi, weka popote upendapo Mwingereza ataelewa. Mapambo! Unawafundisha watu wa bahari, watu ambao mgeni anapanga ndege yake, dawa zake na watoto wake juu ya meseji yao, unawaambia weka popote? Sisi Waswahili mkazo kwetu unapenda kukaa nyuma, hatutarudi kabisa, hakuna kabisa, sasa mtu wa pwani ukimwambia weka popote ataweka nyuma, lazima, na mwalimu mzaliwa wa hapa hapa alitakiwa ajue hilo kabla ya sisi. Na wewe uliyejibu hapo juu kwamba "usijali grama wageni huelewa tu", wallahi unamponza mwenzio. Hawaelewi tu. Wanaelewa kile ulichoandika.

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau yote: neno la uhakika litangulie "not". "We probably won't sail tomorrow." "The sea definitely isn't safe today." "He probably doesn't know the way." Ukiandika kwa urefu pia ni sawa, "We will probably not sail", mradi probably imewahi. Sentensi isiyo na "not" haina hatari kubwa, neno hilo liweke baada ya will au is, "We will probably see turtles", "The wind is probably too strong", na kitenzi kikiwa peke yake liweke kabla yake, "He probably knows."

Yako mawili yanayokaa nyuma ya "not" na ni sahihi, usije ukayasahihisha. "Not necessarily" ni si lazima. Na "can't possibly" ni haiwezekani kwa vyovyote, hii ni kali kuliko zote na ndiyo ningeipata usiku ule ningeandika "We can't possibly be back before three, the creek will be dry", na wale watu wangeahirisha Takwa tukaenda kuogelea Shela wakapanda ndege yao wamechomwa jua vizuri.

Surely kwenye meseji za kazi iache kabisa, umeshaona ilivyonifanya. Maybe na perhaps wako walimu humu watakujibu.

Umesema hao wageni wako ni wa Ijumaa. Weka "The boat definitely won't go out if the wind is strong", na uongeze saa ngapi utawajulisha asubuhi. Kama ile ya kwanza ulishaituma, usitume nyingine juu yake wakachanganyikiwa, wapigie simu leo useme kwa mdomo: no wind, we go, strong wind, no boat. Halafu uturudishie jibu hapa walikuwa wameelewaje, nataka kujua.